Kozi ya mikrobiolojia ya mtandaoni: anza na bakteria, virusi vifuate

Nafanya kazi maabara, na siku zote nimekuwa nikitafuta kozi ya utangulizi ninayoweza kumpa mwanafunzi anayekuja kujifunza kwa vitendo, bila kulazimika kumnyoosha upya baadaye. Hii nimeipitia yote: video, mazoezi na mitihani yake. Ina sehemu tatu kubwa, yaani virusi, umetaboli wa vijidudu (jinsi wanavyovunja chakula na kupata nishati) na ukuaji wa bakteria, na waandaaji wamezipanga hivyo hivyo. Nashauri uanze na ya mwisho.

Sehemu ya ukuaji ni nzuri sana, na uzuri wake unatokana na jambo moja: mwalimu anatanguliza namba, majina yanafuata. Hukuti ameanza kukukaririsha awamu nne za ukuaji. Anakupa jedwali la vipimo vya chupa moja ya bakteria, anakwambia uchore. Escherichia coli ikipata chakula cha kutosha na joto la nyuzi 37 huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: seli moja ikienda kwa kasi hiyo kwa saa 7 imeshapita vizazi 21, na idadi imevuka milioni 2. Ukichora kwa namba za kawaida, mstari unalala chini muda mrefu halafu unapaa ghafla. Ukichora kwa logi, yaani kipimo ambacho kila ongezeko la mara kumi ni hatua moja sawa, unanyooka. Ukishaichora michoro hiyo miwili kwa mkono wako, hakuna haja ya mtu kukueleza kwa nini watu wa maabara wanang'ang'ania logi.

Zoezi lililonifurahisha zaidi linakuja baada ya hapo. Chupa ile ile inapimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupitisha mwanga na kuangalia kimiminika kimepoteza uangavu kiasi gani. Ya pili ni kuzimua sampuli, kuimwaga kwenye sahani za agari (jeli ya kuoteshea bakteria) na kuhesabu makoloni, yaani vidoa vya bakteria vinavyoota hapo, ukichukua zile tu zenye makoloni kati ya 30 na 300. Mwanzoni vipimo vinakwenda sambamba. Halafu makoloni yanaanza kupungua huku kipimo cha mwanga kikibaki juu. Swali ni fupi: nani anasema kweli? Wote wawili, kwa sababu mwanga unazuiwa na seli hai na zilizokufa pia, ila koloni huota kutokana na seli iliyo hai tu. Nimeona watu wenye vyeti wakikwama hapo. Pia analinganisha kasi hiyo na ya bakteria wa kifua kikuu, ambao huchukua kama saa 15 hadi 20 kugawanyika mara moja, na papo hapo unaelewa kwa nini majibu ya kuotesha sampuli ya mgonjwa huyo husubiriwa kwa wiki kadhaa.

Virusi wamefundishwa vizuri. Historia inakwenda haraka, kutoka Ivanovsky mwaka 1892 na Beijerinck mwaka 1898, walioona utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa ukipita kwenye chujio linalozuia bakteria na bado ukaambukiza. Kinachoelezwa kwa utulivu ni jaribio la Hershey na Chase la mwaka 1952: protini za faji (virusi wanaoshambulia bakteria) ziliwekewa salfa yenye mnururisho, DNA ikawekewa fosforasi yenye mnururisho, bakteria wakaambukizwa, kisha mchanganyiko ukatikiswa kwenye blenda ili maganda yaliyobaki nje yabanduke. Fosforasi ndiyo iliyokutwa ndani, yaani kilichoingia ni DNA. Vilevile wanaeleza kwamba sumu ya dondakoo hutokana na jeni iliyobebwa na faji, kwa hiyo bakteria asiye na faji huyo hatengenezi sumu hiyo. Hilo ningependa kila mwanafunzi alijue mapema. Na sababu ya antibiotiki kushindwa kwa virusi imewekwa wazi: penisilini hushambulia ujenzi wa ukuta wa seli, na virusi hana ukuta huo.

Sasa umetaboli. Hapa nimesikitika. Glaikolisisi, yaani uvunjaji wa glukosi, imepangwa hatua kumi, kila kimeng'enya na jina lake, na mtihani unakuuliza kimeng'enya cha hatua fulani. Swali la msingi, kwamba elektroni zinatoka wapi na zinapelekwa wapi, limeachwa hadi dakika za mwisho. Ukilianza mapema, mengine yanajipanga: bakteria wengine hutupia elektroni zao kwenye oksijeni, wengine kwenye naitreti, wengine kwenye salfeti, asiye na pa kuzitupa nje hugeukia uchachushaji ili apate tena NAD+ (kibebaji cha elektroni ndani ya seli), na kwa glukosi moja anaambulia ATP 2 au zaidi kidogo, ATP ikiwa ndiyo sarafu ya nishati ya seli. Tena wanaitaja ATP 38 kama jibu lisilo na mjadala, wakati ni hesabu ya nadharia, na E. coli hupata pungufu ya hapo.

Kinachouma ni kwamba dawa wanayo. Katika sehemu ya ukuaji kuna mchoro wa aina aliyoieleza mwanabiolojia Mfaransa Monod mwaka 1941: bakteria waliopewa glukosi na laktosi pamoja hukua, husimama kidogo, kisha huendelea. Wanamaliza glukosi kwanza, halafu wanatengeneza vimeng'enya vya laktosi. Umetaboli wote unaonekana katika kile kituo kidogo katikati ya mstari, na mwalimu wa sehemu ya pili hakigusi hata mara moja.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu nitampa ukuaji, halafu virusi. Akifika kwenye umetaboli, aweke mchoro huo mezani, aangalie kwanza video ya mwisho inayohusu upumuaji bila oksijeni, ndipo arudi kwenye zile hatua kumi. Majina ya vimeng'enya atayasoma siku mbili kabla ya mtihani.