Canon EF 70-200mm f/2.8L IS II machoni pa mpigapicha wa gazeti

Mpigapicha wa gazeti hachagui pa kusimama. Anachaguliwa na askari, na kamba, na mlinzi wa mlangoni, na wenzake waliowahi kufika. Ndiyo maana naisifia lenzi hii, inayovuta picha toka milimita 70 hadi 200, kwanza kwa jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana: ukiwa umebanwa kwenye kona, inakupa meza nzima ya watu watatu, halafu uso wa mmoja wao unaotoka jasho, na mguu hujausogeza.

Ilitoka mwaka 2010. Toleo la tatu la mwaka 2018 lilileta utando mpya kwenye vioo na rangi tofauti kidogo, lakini vioo vyenyewe ni vilevile. Kwa hiyo anayetafuta iliyotumika asihangaike na la tatu.

Kazi inayoipima kweli ni ya korido za mahakama. Taa hafifu, flashi marufuku, na mshtakiwa akitolewa chumbani una hatua chache tu kabla hajaingia garini. Naweka ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 3200, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/320 ya sekunde, tundu la lenzi wazi kabisa kwa f/2.8, namfuata tangu anapoinua kichwa hadi anapojifunika uso kwa gazeti (siku nyingine ni gazeti letu). Kwa lenzi ya f/4, inayopitisha nusu ya mwanga huo, ningepandisha ISO hadi 6400 au nishushe shata hadi 1/160, na mtu anayekwenda mbio kwa 1/160 hutoka na miguu ya ukungu. Fokasi yake inamshika mtu upesi hata watu wengine wakikatiza mbele, na pale hakuna wa kumwambia arudi apite tena.

Mfumo wa kuzuia mtikisiko ni mzuri, lakini wengi hawauelewi. Unatuliza mkono wako, hautulizi mkono wa mheshimiwa. Msemaji anayepunga mikono jukwaani ukimpiga kwa 1/60, kipaza sauti kitatoka safi na vidole vitapotea. Namba mbili kwenye swichi ya mfumo huo, ya kufuata kitu kinachopita ubavuni, naitumia kwenye mbio za baiskeli. Siku nyingine swichi inakaa kwenye namba moja.

Jambo dogo nililolipenda: inashika fokasi kuanzia mita 1.2. Mama aliyekalia benchi la mbele amekunja karatasi ya hukumu mkononi, nami naipata mikono yake tu, bila kumwinamia. Dawati la picha linapenda picha kama hizo, maana ukurasa wa ndani hauwezi kujaa nyuso za wakubwa peke yake.

Sasa uzito. Gramu 1,490, bado hujaweka kamera. Asubuhi huusikii, saa tisa mchana, kwenye maandamano, bega linakukumbusha. Ndugu yake ya RF, mfumo mpya wa Canon, iliyokuja mwaka 2019 ina gramu 1,070, na tofauti hiyo ni kubwa, ila inaingia kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) tu. Hii ya EF, mfumo wa awali, inafanya kazi kwenye kamera za zamani, na kwa adapta inaingia hata kwenye hizo mpya. Gazeti ambalo bado lina mchanganyiko wa kamera kabatini litaelewa ninachosema.

Na rangi yake nyeupe. Imepakwa hivyo ili isipate joto sana juani, sawa, lakini kwenye umati kila mtu anajua umefika. Ukitaka kumpiga mtu picha kabla hajajiweka sawa, iache begini, chukua lenzi fupi.

Mpirani, milimita 200 hazifiki goli la upande wa pili. Kiongeza urefu cha 1.4 kinakupa 280 kwa f/4, na mchana kinatosha. Usiku uwanja wenye taa mbovu, bora usubiri wachezaji waje upande wako.

Binti mmoja aliyeanza kazi juzi aliniuliza, "Kaka, ile ya f/4 haiwezi kunitosha?" Nikamwambia, "Itakutosha, mdogo wangu, kama mhariri wako hakutumi ukumbini wala mahakamani." Ya f/4 ni karibu nusu ya uzito, na anayefanya kazi zake nyingi nje, mchana, sioni sababu ya kujitesa.

Ukiipata iliyotumika, mulika tochi kupitia kioo cha nyuma utafute kuvu. Zungusha pete ya kuvuta picha pole pole. Ukisikia mchanga, iache. Washa mfumo wa kuzuia mtikisiko, tazama kwenye kamera kama picha inatulia au inarukaruka. Michubuko ya nje isikusumbue, lenzi iliyofanya kazi ya habari haiwezi kuwa na rangi nzima.