Kaunta ya kwaya tatu kwa anayeandika riwaya

Naandika riwaya za upelelezi na kuziuza kwa vipande WhatsApp. Msomaji analipia kwa simu, namwingiza kwenye kundi, anasubiri sehemu inayofuata. Kwa hiyo wengi hudhani nachapa moja kwa moja kwenye simu. Hapana. Kila sehemu inaanzia kwenye kaunta, daftari lile lile la jalada gumu ambalo wenye maduka huandikia madeni na wanafunzi huandikia notisi. Ninayoitumia sasa niliinunua Kariakoo kwa shilingi 4,000, na kwa kazi yangu sijaona kifaa kinachoizidi.

Kwaya moja ni kurasa 96, hivyo kwaya tatu ni kurasa 288. Kwaya mbili inaisha hadithi ndiyo kwanza imekolea. Kwaya nne ni nzito, huwezi kuipakata vizuri kwenye daladala iliyojaa. Mimi naandika upande wa kulia tu, na ukurasa mmoja kwa mwandiko wangu unabeba maneno kama 300, kwa hiyo zile kurasa 144 zinanipa maneno 43,000 na ushee. Hiyo ni riwaya yangu nzima.

Upande wa kushoto ni wa kusoma. Nikikuta aya iliyonishika, iwe ya mwandishi wa hapa au wa mbali, nainakili kwa mkono, nukta na mkato wake, mkabala na sura ninayoiandika. Mkono unanasa mambo ambayo jicho huyaruka: kumbe jina la muuaji lilitajwa mapema, katikati ya orodha ya waliofika msibani, kumbe mazungumzo yalikatwa kabla swali halijajibiwa. Halafu natazama kulia kwangu, naona nilivyomwaga siri yote kwenye sentensi ya kwanza. Naifuta kwa mstari mmoja tu, ili iendelee kusomeka, kwa sababu mara nyingi sentensi iliyokatwa hurudi kufanya kazi sura nyingine. Kwenye simu ingekuwa imeshapotea.

Sasa, kaunta si zote. Dukani ifungue katikati ya kila fungu la karatasi utafute uzi. Ukiona gundi tupu, iache, kurasa zitanyofoka hadithi haijafika nusu. Kisha omba kalamu, chora mstari ukurasa wa mwisho, ugeuze karatasi. Wino ukitokeza nyuma, kushoto na kulia kwako vitavurugana. Kalamu za jeli hupenya karibu zote nilizojaribu. Tumia ya kawaida ya bluu.

Kasoro zipo. Kwa unyevu wa Dar pembe za jalada huchanua, nami nazizungushia selotepu siku ninayonunua. Kubwa zaidi, hakuna sehemu ya kutafuta: ukitaka kujua gari la mshukiwa lilikuwa rangi gani, utapekua. Ndiyo maana kurasa zote nazipa namba, na zile za mwanzo naziachia majina ya wahusika, umri wao, magari yao, na ukurasa walipotajwa. Kila jioni pia napiga picha nilichoandika, maana kaunta ikisahaulika kwenye kiti cha daladala huna nakala nyingine.

Kuchapa kunabaki palepale. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu na ile ya Safal ya fasihi ya Kiswahili zote zinapokea mswada uliochapwa. Wapo wanaopeleka kaunta steshenari wachapiwe kwa bei ya ukurasa. Ukiweza, chapa mwenyewe. Pale ndipo mimi naandika rasimu ya pili, na sentensi nyingi zilizonipendeza kwa wino hazivuki kwenda kwenye kompyuta.

Mwandishi wa hadithi fupi, kwaya mbili itakutosha. Wa riwaya, chukua ya kwaya tatu, tena kaunta mbili kwa pamoja kutoka katoni moja, kwani mzigo mpya ukiingia dukani nafasi kati ya mistari huwa imebadilika.