Zoom H1essential: miwa, vifuu na khanga iliyolowa

Nina miezi minne na kinasa sauti hiki, natengeneza sauti za gemu ya mapigano ya rafiki yangu. Kilichonifanya nikinunue ni kurekodi kwa biti 32 za floti: hakuna kuhangaika kuweka kiwango cha sauti kwanza. Unabonyeza, basi. Nong'ona au piga debe kwa rungu, vyote vinaingia. Ukifika kwenye kompyuta unashusha au unapandisha bila sauti kukwaruza.

Mfupa unaovunjika ni muwa. Nauviringishia kitambaa chenye maji, naukunja polepole mbele ya maiki, na nyuzi zinasikika zikikatika moja moja. Mama mwenye nyumba aligonga mlango: "Baba, unapigana na nani humo?" Kwato za farasi ni vifuu viwili, hilo kila mtu analijua. Mbawa za joka ni khanga iliyolowa, naikung'uta kwa nguvu. Hiyo narekodi kwa 96 kHz, yaani sampuli 96,000 za sauti kila sekunde, kisha napunguza kasi nusu, na mnyama anakuwa mkubwa kama ghorofa.

Kifunge kwenye stendi. Siku ya kwanza nilikishika mkononi, nikaishia kurekodi vidole vyangu. Nje kivalishe manyoya ya kuzuia upepo. Kinakula betri mbili za AAA.

Kadi ya kumbukumbu unanunua kando. Ya kwanza niliuziwa feki, ikameza saa nzima ya mvua juu ya bati. Mvua ile bado inaniuma.