TAHADHARI: Rola za waya laini "2.5" za bei poa

Mnaojenga na mmefika hatua ya kuvuta waya, someni hapa kabla hela haijaingia Kariakoo.

Nilinunua rola 6 za waya fleksibo, lebo inasema 2.5 mm² (ukubwa wa shaba ukiukata waya), mita 100. Muuzaji mdomo asali: "Bosi, huu unateleza kwenye paipu kama tambi, fundi anamaliza leo leo." Kila rola ilipungua elfu 40 kwenye bei ya waya mgumu. Fundi naye akachekelea, maana fleksibo haimsumbui kwenye kona. Nikalipa.

Hatujamaliza miezi miwili ndani ya nyumba, soketi ya jikoni ikaanza kunuka plastiki. Iliyokuwa imechomekwa ni birika tu la wati 2000, kama ampea 9 hivi, mzigo ambao 2.5 ya kweli haiuoni. Breka haikukata, na isingekata: umeme uliokuwa unapita ni wa kawaida, joto lilikuwa palepale kwenye skrubu ya soketi inayobana waya. Kufungua, nusu ya nyuzi zimekatika, zilizobaki nyeusi tii, soketi imeyeyuka upande mmoja.

Fundi wa pili, huyu ana leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), alikwangua uzi mmoja kwa wembe. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba! Akahesabu nyuzi: 30. Fleksibo ya 2.5 huwa na nyuzi kama 50 za milimita 0.25, hizo 30 ni hesabu ya waya mdogo wa 1.5. (Msije mkachanganya: ipo shaba halisi iliyopakwa bati, nje nyeupe ndani nyekundu. Hiyo haina neno.)

Ila kipimo nilichokipenda ni mizani. Shaba peke yake kwenye mita 100 za 2.5 inapita kilo 2, plastiki bado. Rola yangu nzima, na plastiki yake, ilisoma kilo moja na nusu. Kumbe hata muuza nyanya angenisaidia siku ile.

Sisemi fleksibo ni haramu. Kwenye paneli (masanduku ya breka na swichi) inatumika sana, lakini ncha huvishwa kwanza kikofia cha feruli na kubanwa kwa koleo lake. Ukiifunga tupu, skrubu inatawanya nyuzi na kuzikata, mshiko unalegea, moto unaanzia hapo. Mafundi wangapi wa mtaani wana hilo koleo? Mimi sasa nachukua waya mgumu, wa uzi 1 au wa nyuzi 7. Kwenye 2.5 ya nyuzi 7, kila uzi una unene wa milimita 0.67 hivi, unapima kwa kalipa palepale kaunta.

Nilirudi dukani. Jibu: "Fundi wako ndiye kaharibu." Nikatoa risiti, imeandikwa "vifaa vya umeme", basi. Hapo kosa ni langu. Mwambieni aandike jina la waya, saizi na neno "shaba tupu". Akianza kuzungusha maneno, geukeni mwondoke. Risiti yenye maelezo hayo ndiyo ya kwenda nayo TBS (shirika la viwango) au FCC (tume ya ushindani).

Rola 2 zilikuwa hazijavutwa, na kijana wa vyuma chakavu alizitaka. Nilimpa, ila kwanza nilizikatakata vipande vya nusu mita, zisije zikarudi kwenye lebo nyingine.