Madini ya unga kwa ng'ombe na kondoo: uzoefu wangu huku Njoro

Wenzangu wa Njoro, Molo, Elburgon na Mau Narok, kondoo wakikonda na malisho yapo tele, angalieni madini kabla ya kuwauza kwa bei ya hasara. Wangu walikuwa wameshapewa dawa ya minyoo na bado wakazidi kudhoofika. Walioumia zaidi ni wanakondoo waliokuwa wametoka tu kuachishwa kunyonya. Manyoya yalikauka, machozi yalitiririka mpaka manyoya ya chini ya macho yakagandana, na ukifunua kope ndani ni kweupe. Nyasi walikuwa wakizinusa, kisha wanageuza shingo.

Daktari wa mifugo aliyewapima alitaja upungufu wa kobalti, madini ambayo mnyama huyahitaji kwa kiasi kidogo sana. Udongo wa majivu ya volkano huku kwetu una upungufu wake wa tangu zamani, hata vitabu vya mifugo vikauita ugonjwa huo Nakuruitis, kwa jina la Nakuru yetu. Kondoo na ng'ombe hawaitumii kobalti moja kwa moja. Vijidudu vya tumbo kubwa ndivyo vinavyoichukua na kutengeneza vitamini B12, na vitamini hiyo ikikosekana mnyama hupoteza hamu ya kula. Ndiyo maana anakonda akiwa amesimama katikati ya majani. Wanakondoo ndio huonyesha dalili mapema, ng'ombe wazima hukawia.

Nilinunua aina mbili za madini ya unga, ya ng'ombe wa maziwa na ya kondoo. Kwa kondoo mabadiliko yalikuja upesi kuliko nilivyotarajia. Walianza kula kwanza, macho yakakauka baadaye, na miili ikajaa polepole. Kwa ng'ombe nimeona mambo mawili: wameacha kulamba kuta za boma na kutafuna mifupa, na mtamba aliyekuwa haonyeshi joto ameshapandishwa. Maziwa yameongezeka kidogo tu, kwa hiyo anayekuahidi ndoo kufurika kwa sababu ya madini pekee, mwache aende zake. Lita moja ya maziwa hutoka na takriban gramu 1.2 za kalsiamu. Ng'ombe wa lita 15 anapoteza gramu 18 kwa siku, na majani ya nepia peke yake hayawezi kurudisha yote hayo. Unga huu unaziba pengo, lakini haushiki nafasi ya chakula.

Napendelea unga kuliko jiwe la kulamba. Ng'ombe hulamba jiwe kwa kufuata chumvi, hajui kama anahitaji kobalti au fosforasi. Mmoja atalamba mchana kutwa, mwingine hata hasogei, na likinyeshewa linayeyuka. Unga ninauchanganya na pumba kihorini, gramu 100 kwa siku kwa anayekamuliwa, kama mfuko unavyoelekeza. Pakiti ya kilo 2 inamtosha ng'ombe mmoja siku 20.

Kuna muuzaji aliyenifuata kwa WhatsApp na unga wa "madini adimu", yaani lanthanamu, seriamu na wenzake katika lile kundi la elementi 17. Ni kweli kwamba China wamewalisha mifugo vitu hivyo kwa miaka mingi, na Ujerumani, katika chuo kikuu cha Munich, Profesa Walter Rambeck alivijaribu kwa nguruwe. Lakini habari nyingi zinazosifiwa ni za nguruwe na kuku, si za wanyama wanaocheua. Pia hakuna ugonjwa unaojulikana wa ng'ombe kukosa lanthanamu, ilhali wa kukosa kobalti tunao hapa hapa. Pakiti yake haikuwa na asilimia za viambato wala alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Sikununua, na nakuomba na wewe usinunue kitu kisichoeleza kilichomo.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni shaba. Madini ya ng'ombe yana shaba nyingi, na ng'ombe anaihitaji. Kondoo huihifadhi kwenye ini kidogo kidogo, bila dalili yoyote, mpaka siku inamwagika kwenye damu: macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mwekundu wa kukoza, na mnyama anakufa mara. Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 15 za shaba kwa kila kilo ya chakula cha kondoo. Nimesikia maduka ya dawa za mifugo yakimwambia mteja "chukua hii, ni ya wote". Kataa. Omba mfuko ulioandikwa kondoo, na usiwaache kondoo wakaramba mabaki kwenye kihori cha ng'ombe. Mimi nimewawekea kihori chao upande wa pili wa ua.

Ukishaufungua mfuko, ufunge kabisa na uuweke juu ya ubao. Ukiingia unyevu unaganda kama saruji, na ng'ombe hauli tena.