Miaka minne na makabati ya vinia ya mninga: uzoefu wangu

Mwaka 2021, nilipokuwa namalizia nyumba yangu Kigamboni, nilihitaji makabati ya nguo ya vyumba viwili, makabati ya jikoni na mlango wa sebuleni, na nilitaka vyote viwe vya mninga. Fundi wa kwanza niliyemwendea alinipigia hesabu ya mninga mtupu, ikafika karibu mara mbili ya fedha nilizokuwa nimetenga. Ndipo aliponitajia vinia. Wakati huo nilidhani hilo ni jina jingine la mbao bandia, mfano wa zile karatasi zenye picha ya mbao zinazobandikwa kwenye meza za bei nafuu, na nilizunguka wiki kadhaa kwenye karakana za Keko nikiuliza na kushika kabla sijakubali. Sasa nimeishi nayo miaka minne, katika nyumba iliyo karibu na bahari, na nina ya kusifu na ya kulalamikia.

Vinia ni mbao halisi. Gogo huchemshwa au kufukizwa kwa mvuke mpaka lilainike, kisha hukatwa kwa kisu kirefu kuwa matabaka membamba, ambayo kwa samani huwa na unene wa takriban nusu milimita, na matabaka hayo hugandishwa kwa gundi juu ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi), plaiwudi au blokibodi (ubao wenye vipande vya mbao vilivyounganishwa ndani). Ubao wa mninga wenye unene wa milimita 25 unakupa uso mmoja wa kabati, lakini mti huohuo ukikatwa kwa unene wa milimita 0.6 unatoa zaidi ya matabaka 40, na kila moja lina michirizi ileile ya mti uleule. Kwangu mimi hoja hii ilikuwa na uzito kuliko bei. Mninga unakua polepole katika misitu yetu ya miombo, na mwaka 2022, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama, mninga na mkongo ni miongoni mwa miti ya Afrika iliyoingizwa kwenye orodha ya pili ya mkataba huo, maana yake biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Mtu anayeupenda mti huu kwa dhati hana sababu ya kuuficha ndani ya mgongo wa kabati unaotazama ukuta.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba namna ya kukata ndiyo inayoamua sura. Gogo likizungushwa mbele ya kisu, kama mtu anavyomenya chungwa bila kukata ganda, hutoka shuka refu lenye maua mapana yaliyotawanyika. Hivi ndivyo viwanda vya Mafinga vinavyomenya mikaratusi na misonobari kwa ajili ya plaiwudi. Vinia ya samani za heshima hukatwa kwa vipande bapa, na matabaka hupangwa kwa mfuatano yalivyotoka kwenye gogo. Mzee mmoja seremala alinitolea matabaka mawili yaliyofuatana, akayafungua mbele yangu kama kurasa mbili za kitabu, na michirizi ya upande mmoja ikakutana na ya upande wa pili katikati, ikatengeneza umbo la ncha ya mkuki. Akaniambia, “Mwanangu, hii huwezi kuipata kwenye mbao nzima hata ukimlipa fundi mara tatu.” Milango miwili ya kabati la chumba chetu imepangwa hivyo, na mpaka leo mgeni akiingia humo mkono wake huenda kwanza kwenye ile ncha.

Kazi ya mzee huyo sina neno nayo. Shida ilitoka kwenye karakana nyingine, ambayo sitaitaja, niliyoipa kabati la chumba cha watoto kwa sababu waliahidi kumaliza mapema. Milango ilifika imenyooka, ikafungwa, ikapendeza. Baada ya masika ya kwanza, mlango mrefu ulikuwa umepinda kama upinde, ncha ya juu ikiacha nafasi ya kidole kizima. Nilidhani ni bawaba. Nilipoufungua na kuutazama kwa nyuma niliona tatizo lote: upande wa mbele ulikuwa na vinia, upande wa nyuma ulikuwa MDF tupu iliyopakwa rangi ya kahawia ifanane. Vinia na gundi yake vinapokauka na kupokea unyevu huvuta ubao, na kama upande wa pili hauna kitu cha kuvuta kwa nguvu ileile, mlango lazima upinde. Si lazima nyuma pawe mninga. Vinia ya mti wa bei nafuu inatosha kabisa, mradi iwepo. Niliwarudia mara tatu, wakanilaumu mimi kwa kujenga karibu na bahari. Mwishowe nililipa milango mipya kwa yule mzee, na hiyo ni fedha ambayo bado inaniuma, kwa sababu kosa lilikuwa la kuokoa kiasi kidogo sana mahali ambapo mteja haangalii.

Jikoni ni habari nyingine. Makabati ya juu yako sawa kama yalivyofungwa. Mlango ulio chini ya sinki umekufa. Bomba la kutolea maji lilivuja taratibu kwa siku ambazo hatukujua, maji yakashuka mpaka ukingo wa chini wa mlango, ambao haukuwa umepakwa vanishi, na MDF ikavimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai. MDF ikishavimba hairudi. Hapa siilaumu vinia, maana ndiyo iliyobaki nzima juu ya ubao uliooza. Nalaumu uamuzi wangu wa kukubali MDF mahali penye maji badala ya plaiwudi inayostahimili unyevu, na kutokagua kingo za chini siku ya kupokea kazi. Inama, pitisha kidole chini ya kila mlango. Kikikwaruza kama karatasi kavu, mwambie fundi arudishe brashi.

Kwenye mlango wa sebuleni lilitokea lengelenge dogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Ukiligonga kwa ukucha linatoa mlio wa uwazi, wakati pembeni yake mlio ni mzito. Mzee alinielekeza kwa simu, nami nikafanya mwenyewe: nilipasua kwa wembe kufuata nyuzi za mbao, si kuzikata, nikaingiza gundi nyeupe kwa bomba la sindano, nikafuta iliyomwagika, nikaweka kitambaa cha pamba na kupitisha pasi yenye moto wa wastani, kisha nikakandamiza kwa kibao na matofali mawili mpaka asubuhi. Leo lazima uoneshwe ndipo upaone.

Onyo moja zito. Vinia haina unene wa kusamehe mashine ya msasa. Ndugu yangu aliamua kuing’arisha upya meza yake, kijana wa kazi akapitisha mashine pale penye mkwaruzo, na kwa muda mfupi tu rangi ya mninga ikatoweka, likabaki doa la kijivu la MDF katikati ya meza ya chakula. Hakuna dawa ya hapo. Kwa vinia ni msasa laini, kwa mkono, kwa kufuata nyuzi, na kuacha mapema.

Wapo pia wanaouza karatasi yenye picha kwa bei ya vinia. Mimi hutazama mambo mawili. Kwanza, natafuta jicho la tawi au mchirizi wa pekee, kisha naangalia kama unajirudia mahali pengine kwenye ubao uleule. Mti haujirudii namna hiyo, picha hujirudia. Pili, natazama ukingo wa ubao ambao haujafunikwa, kwa sababu vinia huonekana pale kama mstari mwembamba wa mbao wenye nyuzi, na karatasi huonekana kama ngozi ya rangi tu.

Mwezi ujao mzee anaanza rafu za vitabu za chumba changu cha kusomea. Safari hii tumekubaliana blokibodi badala ya MDF, kwa kuwa rafu ndefu ya MDF hulegea katikati kwa uzito wa vitabu, vinia ya mtiki pande zote mbili, na kila ukingo wa mbele uzibwe kwa kipande cha mtiki mzima, si tepu ya kubandika kwa pasi. Mlango wa chini ya sinki nimemwambia autengeneze kwa mbao nzima.