Nilikwenda kupimiwa kitabu, nikaishia kuvuliwa glovu

Naanza na glovu, maana hasira yangu ilianzia hapo. Imepita wiki kadhaa, labda mwezi, na bado nikikumbuka masikio yananiwaka moto.

Babu aliniachia kitabu cha safari, jalada la ngozi, ramani na michoro ndani. Nikakipeleka kwa muuza vitabu adimu mmoja, mzee anayesifiwa kwa kukadiria thamani. Nilijiandaa. Nilinunua glovu nyeupe za pamba, kama zile za kwenye filamu, nikazivaa mbele yake kwa madaha.

“Vua hizo. Hatuko kwenye gwaride.”

Mbele ya wateja wawili! Mmoja akajifanya anakohoa.

Eti glovu zinaua hisi za vidole, unavuta karatasi kavu bila kujua, inachanika. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri inatosha. Baadaye niliwauliza watu wa maktaba, wakaniambia vivyo hivyo. Haya. Lakini hilo haliwezi kusemwa taratibu?

Kisha akauona mgongo wa kitabu. “Nani kabandika selotepu?” Nikasema sijui. (Nilijua.) Akashusha pumzi kama daktari aliyeletewa mgonjwa ameshakufa, akanieleza kwamba gundi ile hunywewa na kitabu, hugeuka kahawia, na kuitoa ni kazi ya fundi mwenye subira kuliko mimi. Haya maneno ya mwisho hayakuwa na ulazima.

Huduma yenyewe ilikuwa kuhesabu. Ukurasa baada ya ukurasa, kimya, huku mwaka wa kuchapwa niliokuwa najivunia hakuutazama hata mara mbili. Karibu na mwisho akasimama: ramani moja haipo, kimebaki kipande chembamba karibu na mshono. Imekatwa kwa wembe. Akanitazama. Naapa hiyo si mimi.

Akiendelea kuhesabu ndipo akanisimulia maisha yake, bila kuombwa. Alianza kwa kubeba maboksi katika duka la mtu mwingine, akafuta vumbi miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuandika bei ndani ya jalada, tena kwa penseli laini tu, kalamu ya wino mwiko. Sehemu kubwa ya umri wake imekwisha ndani ya nyumba za marehemu, akifungua makabati huku watoto wao wakiamini kila kilichozeeka ni dhahabu. “Kama wewe,” akaongeza.

Akataja thamani. Ndogo! Nikamwambia mtandaoni nimekiona kikiuzwa mara nyingi ya hiyo. Akasema bei ya kuomba si bei ya kuuza, akanipa kisa cha H. P. Kraus wa New York, mmoja wa wakubwa wa kazi hii. Mwaka 1961 alinunua muswada wa Voynich, ule ambao hakuna aliyeweza kuusoma, kwa dola 24,500. Akauwekea dola 160,000. Hakuna aliyenunua, na mwaka 1969 akautoa bure kwa Chuo Kikuu cha Yale. Na Voynich mwenyewe, naye muuza vitabu, aliupata mwaka 1912 akafa nao mwaka 1930. Nikamwambia changu angalau kinasomeka. Hakucheka.

Nilitoka nimeshaandika kichwani nyota moja. Kisha nikaenda kwa mwingine, mpole, mwenye tabasamu, aliyenikaribisha kiti. Huyo hakuhesabu chochote. Akataka nimwachie kitabu siku ileile, ramani atapachika kutoka nakala nyingine kisha akiuze kama kimekamilika. Na mnunuzi ataambiwa? “Ya nini kumsumbua?”

Hapo nikaitoa mfukoni karatasi ya yule mzee. Kwa penseli: ramani moja haipo, mgongo una selotepu, atakayeuza aseme yote mawili. Kazi ya karibu saa nzima, na hakunitoza hata senti. Nikaondoka na kitabu changu.

Kwa hiyo nyota nne. Hapana, tatu. Nne ningempa, ila wakati naondoka kwake alinirudishia glovu zangu ndani ya bahasha, na nilipofika nyumbani ndipo nikaona alichoandika juu yake: “Jozi moja, kamili. Hali nzuri sana. Zimevaliwa mara moja, bila sababu.”